Harry Thuku, mfanyakazi wa simu aliyekipinga kipande

Ukipita Mchafukoge na Kariakoo, hukosi kumwona wakala wa laini chini ya mwavuli, mkononi ana kifaa kidogo cha kusoma alama za vidole. Unampa namba ya NIDA, unabonyeza kidole, laini inasajiliwa. Utaratibu huu ulianza Tanzania Mei 2019, na wengi wenu mnaotusikiliza mmeshaupitia.

Lakini kwa jirani zetu wa Kenya, vidole vya watu vilichovywa wino kwa ajili ya utambulisho zaidi ya miaka 100 iliyopita. Miongoni mwa waliosimama kupinga namna utambulisho ule ulivyotumika alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu. Leo tunaeleza maisha yake.

Kijana wa Kambui

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu. Alisoma miaka minne katika shule ya wamisionari, kisha akaingia Nairobi kutafuta maisha. Alianza kwa kupanga herufi katika gazeti la walowezi lililoitwa Leader. Baadaye aliajiriwa Hazina ya serikali kama opereta wa simu. Wakati huo simu ziliunganishwa kwa mkono, na Waafrika waliopata kazi ya namna hiyo walikuwa wachache sana.

Kipande kilikuwa nini?

Wazee wetu wa Tanganyika wanalijua neno kipande kwa maana nyingine: kadi ya mashamba ya mkonge, iliyohesabu siku 30 za kazi ndipo mtu alipwe. Kipande cha Kenya kilibana zaidi. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kujiandikisha, kuweka alama za vidole na kutembea na karatasi hiyo popote aendapo. Wengi waliibeba ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kukamatwa bila kipande lilikuwa kosa la kutozwa faini au kufungwa.

Karatasi hiyo ilibeba mambo mawili. La kwanza ni utambulisho: jina, kwao ni wapi, na alama za vidole. La pili ni ruhusa. Mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, mshahara wake, na siku alipomwachia. Bila saini ya kuachiwa, mtu hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine, na akiondoka alisakwa na polisi kama mtoro. Tena mshahara wa zamani ulionekana wazi, kwa hiyo mwajiri mpya hakuona sababu ya kuongeza.

Mitambo ya simu na intaneti nayo huuliza maswali hayo mawili. Kwanza: wewe ni nani? Namba ya siri au kidole chako hujibu. Pili: unaruhusiwa kufanya nini? Hapo mtambo huangalia orodha ya ruhusa. Kwa orodha hiyo, wakala anaweza kukuwekea fedha lakini hawezi kufungua akaunti yako. Nawe unaweza kutuma fedha zako lakini si za jirani. Orodha hiyo ikiwa ya haki, inamlinda mwenye akaunti. Kipande nacho kilikuwa orodha ya ruhusa, ila kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri peke yake.

Chama, telegramu na risasi

Mwaka 1921 kodi zilikuwa zimepanda, na walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika. Thuku na wenzake walianzisha Young Kikuyu Association, ambayo punde ikawa East African Association ili watu wa makabila yote waingie. Walilalamikia kipande, kodi, mishahara, ardhi, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Badala ya kupitia kwa machifu, Thuku alipeleka malalamiko kwa telegramu moja kwa moja London. Serikali ikamtaka achague kazi au siasa. Aliacha kazi.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwasuta wanaume waliotaka kutawanyika na kuusukuma umati mbele. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walisema ni zaidi. Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, baadaye Marsabit, na hakurudi nyumbani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Baada ya uhamisho

Aliyerudi alikuwa mtu mpole zaidi katika siasa. Alikosana na wenzake wa zamani, na mwaka 1935 akaunda chama chake, Kikuyu Provincial Association. Wakati wa Mau Mau aliwapinga wapiganaji hadharani, na wapo ambao hawakumsamehe. Alibaki mkulima wa kahawa hadi alipofariki Juni 1970. Kipande chenyewe kilifutwa mwaka 1947, zikaja kadi za utambulisho kwa watu wa rangi zote. Leo Nairobi ina barabara yenye jina lake.

Linalotuhusu sisi

Kusajiliwa si ubaya. Laini iliyosajiliwa humsaidia mwenyewe akiibiwa simu. Jambo la kuuliza ni nani anashika orodha, na kama mwenye jina anaweza kuiona. Leo unaweza. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifungwe. Wakala akikuambia urudie kuweka kidole mara ya pili na ya tatu, muulize kwanza sababu. Namba ya siri usimpe mtu, hata anayejitambulisha kuwa wa kampuni. Na tangu Mei 2023 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayokupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje.

Watu wa zama za Thuku hawakuwa na kitufe cha kubonyeza. Walibeba orodha shingoni, na wengi wao hawakuweza hata kusoma kilichoandikwa ndani. Wewe unaweza kuisoma yako leo, kabla salio halijaisha.