Shaaban Robert na Nchi Zisizokuwako

Mwanachuo anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Usa River, Poli au Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, hukutana mapema na tatizo moja. Watoto huja darasani na hadithi za mazimwi na za wanyama wasemao. Yeye amekuja na andalio la somo linalotaka mambo ya kweli. Aghalabu hadithi hizo huachwa mlangoni kwa kuhesabiwa kuwa ni uongo. Kabla hatujakata shauri hilo, inafaa tuyatazame maisha ya mtu aliyetumia uongo wa namna hiyo kusema kweli ambayo karani wa serikali hakuweza kuisema waziwazi.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa ya Kiyao, bali mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya Pangani na kwingineko mpaka 1944. Baadaye alihamia Mpwapwa, halafu akarudi Tanga. Hatuna haja ya kumfuata katika kila ofisi. La kuangalia ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini alikula mshahara wa serikali ya kikoloni, na serikali hiyo hiyo ikamtunuku nishani ya MBE.

Hadithi za ajabu hazikuanza naye. Watu wa pwani walikuwa wakisimuliana habari za majini na wafalme tangu zamani. Edward Steere alizikusanya baadhi yake Unguja na kuzipiga chapa mwaka 1870. Urithi huo waonekana wazi katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ubunifu wake mkubwa uko katika Kusadikika, kilichotangulia kwa mwaka mmoja.

Kusadikika ni nchi iliyo angani, na mipaka yake ni pepo. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuitengeneza nchi. Kila mmoja alirudi na jambo jema, na kila mmoja akatiwa gerezani. Kama hadithi hiyo ingeitwa Tanganyika, sidhani ingefika kwa mpiga chapa. Kwa kuwa ilikuwa angani, ilichapishwa, na watawala wakashtakiwa ndani yake bila kutajwa jina.

Mwaka kilipotoka kitabu hicho, 1951, ulikuwa mwaka wa msiba kwa Wameru. Mwezi wa Novemba serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Hatudai kwamba Shaaban Robert aliwaandikia Wameru. Kitabu kilikwisha kuandikwa. Lakini mtoto ambaye wazee wake walihamishwa, akisimuliwa habari za mjumbe aliyekwenda mbali kuitafutia nchi yake haki, ana mengi ya kusema kabla mwalimu hajaeleza lolote.

Ndiyo sababu hatupendezwi na desturi ya kuanza kipindi kwa kuandika ubaoni kwamba mfalme ni mkoloni na Karama ni mpigania uhuru. Maneno hayo yakishaandikwa, nchi ya angani imekwisha kutekwa na watoto hubaki kunakili. Kitabu chenyewe ni kigumu kwa Darasa la Tano. Basi mwalimu na akisimulie kwa mdomo, awaache wachore nchi ambayo mipaka yake ni pepo, wabishane ni nani aliyestahili gereza. Maana ya hadithi wataidai wenyewe, pengine siku ya pili.

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Baada yake wengine walizidi kuipanua njia hiyo: Euphrase Kezilahabi kwa Nagona mwaka 1990, Katama Mkangi kwa Walenisi mwaka 1995, na Said Ahmed Mohamed kwa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Yeye mwenyewe aliacha miswada, mmojawapo ukiwa Kufikirika, aliouandika mwaka 1946. Ulichapishwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Humo mwalimu wa mwana wa mfalme anapoteza kazi kwa kuingiza michezo katika masomo ya mwanafunzi wake, naye anakwenda kulima.