Marehemu Aga Khan wa Tatu na Mchango wa Elimu

Katika bonde la Kisenyi, chini ya kilima cha Mengo, Waislamu wanapochangiana karo za watoto wao, watoaji wengi huwa ni watu wa biashara ndogo ndogo. Basi yafaa akumbukwe mtu ambaye zamani aliifanya shilingi ya watu kama hao iwe na uzito wa shilingi mbili. Naye ni Marehemu Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba, 1877, na mwaka 1885, akiwa mtoto wa miaka saba, alirithi uimamu wa Waismailia baada ya kufa baba yake.

Mwaka 1911 aliongoza mchango mkubwa wa Waislamu wa Bara Hindi ili chuo cha Aligarh kipandishwe daraja kiwe Chuo Kikuu. Yeye mwenyewe alitoa rupia 100,000, kisha akazunguka mji kwa mji akiomba kwa niaba ya wanafunzi, naye ni mtu aliyezoea kuombwa. Yalipatikana mamilioni ya rupia, na Chuo Kikuu cha Aligarh kikapewa sheria yake mwaka 1920.

Huku kwetu hali ilikuwa nzito. Skuli nyingi zilikuwa za wamisheni, na mzazi wa Kiislamu alikabiliwa na mambo mawili, yote machungu: ampeleke mwanawe akahofia dini yake, au amzuie akabaki bila elimu ya kumpatia kazi ya kalamu. Wengi waliwazuia. Hawakuwa wajinga watu hao. Walikuwa na hofu yenye sababu. Lakini watoto ndio waliolipa gharama yake.

Mwaka 1945, huko Mombasa, Aga Khan aliasisi East African Muslim Welfare Society, jumuiya ya kuwasaidia Waislamu wa Afrika Mashariki, hasa Waafrika, kwa misikiti na skuli. Ahadi yake ilikuwa hii: kila shilingi watakayochanga watu, naye ataongeza shilingi. Hapo ndipo ilipo hekima ya mtu huyu. Angaliweza kutoa fedha zote peke yake, na watu wakakaa wakingoja. Badala yake fedha zake zilingojea za wananchi. Wasipotoa wao, hazitoki. Tena Waislamu wengi wa Uganda ni Masunni wa Kishafii, yeye ni Imamu wa Kiismailia, wala msaada huo haukuwa na sharti la mtu kuacha madhehebu yake. Katika Uganda kazi hiyo ilishikwa na Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli, mwana wa Nuhu Mbogo.

Tarehe 10 Agosti, 1946, alipimwa Dar es Salaam kwa mizani, upande mmoja yeye, upande wa pili almasi. Wapo walioona kuwa hiyo ni fahari ya dunia tu, na maneno yao si ya kupuuzwa kabisa. Lakini almasi zenyewe zilikuwa za kuazimwa. Kilichobaki ni fedha walizochanga wafuasi wake kwa thamani yake, naye akazirudisha kwao kuwa mtaji wa kampuni ya kukopesha, Diamond Jubilee Investment Trust.

Kwa Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa alitoa pauni 100,000, na Sultani wa Zanzibar akatoa kiasi kama hicho, na Mabohora nao wakatoa pauni 50,000. Vijana wa Kiislamu wakaenda huko kusoma ufundi.

Alifariki Versoix, Uswisi, tarehe 11 Julai, 1957, akazikwa Aswan katika nchi ya Misri. Jumuiya yake ilivunjwa Tanzania mwaka 1968. Chuo cha Mombasa kilibadilishwa jina mara kadhaa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambako husoma watoto wa dini zote.