Robert Koch: Daktari aliyemfuata papasi hadi kwenye nyufa za nyumba

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KILA ifikapo Machi 24, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Siku kama hiyo mwaka 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani aitwaye Robert Koch aliwaonyesha wanasayansi wenzake bakteria anayesababisha ugonjwa huo.

Jina la Koch limo katika vitabu vya tiba kote duniani. Lisilosimuliwa mara kwa mara ni kwamba sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho ya kazi aliitumia Afrika Mashariki, na kwamba magonjwa aliyoyachunguza ndiyo yaleyale ambayo wafugaji na wakulima wanaoishi kuuzunguka Mlima Meru wanayafahamu kwa majina: kimeta, sotoka, ndigana, kifua kikuu na homa ya papasi.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal, eneo la machimbo ya madini nchini Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Baada ya kuzungukia vituo kadhaa, mwaka 1872 aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya huko Wöllstein, mji ambao leo upo Poland.

Hakuwa na maabara ya chuo kikuu wala wasaidizi. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaweka hadubini, akafuga panya na kuanza kuchunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua mifugo ya wilaya hiyo. Mwaka 1876 alithibitisha kuwa kimeta husababishwa na bakteria maalumu, na kwamba bakteria huyo hujigeuza kuwa chembe ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi zikisubiri mnyama mwingine.

Kwa mfugaji wa Monduli, Longido au Ngorongoro, ugunduzi huo si historia ya mbali. Ndiyo sababu wataalamu wa mifugo hukataza kuchuna au kula mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, na husisitiza uchomwe au uzikwe kwa kina.

Kupanda na kuanguka

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin. Miaka miwili baadaye alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1884, akiwa India baada ya kutoka Misri, alimtambua bakteria wa kipindupindu. Akiwa na umri wa miaka 40 tu, alikuwa miongoni mwa wanasayansi mashuhuri kuliko wote duniani.

Umaarufu huo ulimponza. Agosti 1890, mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, alidokeza kuwa amepata kitu kinachozuia bakteria wa kifua kikuu kukua. Wagonjwa kutoka kila pembe ya Ulaya walimiminika katika mji huo wakitafuta sindano ya dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini.

Koch alikataa kueleza ilivyotengenezwa. Alipolazimika kusema, mapema mwaka 1891, ilibainika kuwa ilikuwa mchujo wa bakteria wa kifua kikuu katika gliserini. Haikuponya. Wagonjwa wengi walizidiwa na baadhi walifariki dunia. Upasuaji wa maiti ulionyesha kuwa ugonjwa ulikuwa umeendelea kusambaa mwilini.

Hata hivyo, kioevu hicho hakikutupwa. Kwa kuwa ngozi ya mtu au ng'ombe aliyeambukizwa huvimba inapochomwa tuberkulini, kiligeuka kuwa kipimo cha maambukizi, na kipimo hicho kimeendelea kutumika kwa zaidi ya karne moja.

Kosa jingine alilifanya London mwaka 1901, alipodai kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya Uingereza ilimpinga kwa ushahidi miaka kadhaa baadaye. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulithibitisha kuwapo kwa bakteria wa ng'ombe miongoni mwa wagonjwa waliovimba matezi ya shingo. Onyo la kuchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, linalotolewa hadi leo kwa jamii za wafugaji, lingekuwa na sababu pungufu kama Koch angekuwa sahihi.

Safari za Afrika

Mwishoni mwa mwaka 1896 serikali ya Koloni la Cape ilimwita Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kufagia mifugo ya Wamasai mwanzoni mwa muongo huo na kuacha njaa kubwa nyuma yake. Koch alibuni njia ya kuwadunga ng'ombe wazima nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka ili kuwapa kinga. Njia hiyo ilikuwa na kasoro na baadaye ilipitwa na chanjo bora zaidi. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Kutoka huko alikwenda India kuchunguza tauni, kisha mwaka 1897 akawasili Dar es Salaam, iliyokuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Alikaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria, tauni iliyokuwa Kiziba, Bukoba, na magonjwa ya ng'ombe. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vya ndigana kali, lakini alidhani ni sehemu ya ugonjwa mwingine. Aliutambua kuwa ni ugonjwa unaojitegemea baada ya kufanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, mwaka 1903.

Alirudi tena mwaka 1905, mwaka uleule ambao Vita vya Majimaji vililipuka na ambao yeye alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa kifua kikuu. Safari hii alifuata njia za misafara zinazotoka Dar es Salaam kwenda bara, akichunguza homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri waliolala katika vibanda vya njiani.

Waswahili walikwisha mfahamu mhusika na kumpa jina: papasi. Ni kupe laini anayejificha mchana katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, akatoka usiku kufyonza damu ya aliyelala, kisha akarejea mafichoni kabla ya mapambazuko. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula.

Koch alipasua papasi waliokusanywa katika vibanda hivyo na kukuta ndani yao bakteria wembamba wenye umbo la parafujo. Aliwakuta pia katika mayai ya papasi, jambo lililoonyesha kuwa jike huwarithisha watoto wake maambukizi. Kwa maneno mengine, kibanda kilichokwisha kuambukizwa kinaweza kubaki hatari hata kama hakuna mgonjwa aliyelala humo kwa muda mrefu.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Madaktari wa Uingereza nchini Uganda walikuwa wamefikia hitimisho kama hilo mwishoni mwa mwaka 1904. Huko Kongo, Joseph Dutton alithibitisha jambo hilo na kulipa kwa uhai wake. Alifariki dunia Kasongo, Februari 1905, kwa homa hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka 30. Bakteria huyo leo anaitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake.

Adui anayebadili vazi

Koch hakuweza kueleza kwa nini homa ya papasi huondoka na kurudi. Mgonjwa hupata homa kali kwa siku chache, hupata nafuu akadhani amepona, kisha huanguka tena.

Jibu lilikuja miongo mingi baada ya kifo chake, na limo katika protini zilizopachikwa kwenye utando wa nje wa bakteria. Mwili hutambua protini hizo na kutengeneza kingamwili za kuziandama. Bakteria wengi huuawa na homa hushuka. Lakini wachache huwa wamekwisha badili protini zao za nje, kama mtu anayevua vazi alilotambuliwa nalo na kuvaa jingine, nao huzaliana upya. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa bakteria mmoja tu wa jamii hiyo, kutoka nchini mwao, aliweza kuzaa aina 24 tofauti.

Ndiyo maana chanjo ya homa ya papasi haijapatikana. Protini inayofaa kuwa shabaha ya chanjo ni lazima iwe juu ya uso wa bakteria ambako kingamwili zinaifikia, na isiwe ya kubadilika ovyo.

Pale protini ya namna hiyo inapopatikana, mafanikio huonekana. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina B, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2013, imetengenezwa kwa protini za uso wa bakteria. Dhidi ya ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na ndugu wa bakteria wa papasi, chanjo ya protini moja ya utando wa nje iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kingamwili zake ziliwaua bakteria wakiwa bado tumboni mwa kupe. Mtengenezaji aliiondoa sokoni mwaka 2002 baada ya mauzo kushuka na hofu kuenea kuhusu usalama wake. Majaribio ya hatua ya mwisho ya chanjo mpya yenye shabaha hiyohiyo yalianza mwaka 2022.

Sese na mwisho wa safari

Safari ya mwisho ya Koch barani Afrika ilikuwa ya mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, ambako malale ilikuwa ikiangamiza wakazi. Aliwatibu wagonjwa wengi kwa atoksili, dawa yenye arseniki, na alipoona haitoshi aliongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa walipofuka moja kwa moja. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika kambi. Wanahistoria wanaihesabu kazi hiyo kuwa doa kubwa, kwani waliobeba gharama ya majaribio walikuwa Waafrika waliotawaliwa.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910, huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi inayobeba jina lake mjini Berlin.

Ugonjwa uliompa umaarufu bado unajaza wodi za Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kati ya Meru na Kilimanjaro. BCG, iliyoanza kutumika mwaka 1921, huwakinga zaidi watoto wadogo. Chanjo nyingine, iliyotengenezwa kwa protini mbili za bakteria aliyegunduliwa na Koch, ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu katika majaribio ya Kenya, Zambia na Afrika Kusini. Mwaka 2024 ilianza kujaribiwa kwa washiriki wanaolengwa kufikia 20,000.

Tofauti na sindano za Berlin za mwaka 1890, yaliyomo katika chanjo hii yanajulikana, na washiriki huelezwa kabla ya kukubali. Kwa homa ya papasi kinga haijafika. Watoto wachanga na mama wajawazito ndio wanaoumia zaidi pale inapotokea, na vijiji vya Dodoma vimelishuhudia hilo. Silaha zilizopo ni antibiotiki, dawa ya kunyunyizia wadudu na, zaidi ya yote, kuta zisizo na nyufa.