Bruno Rossi, mzee wa miale ya X

Sisi watu wa mine, toka Likasi mpaka ku ziwa Tshangalele, miale ya X tunaijua paka ku hospitali: ile wanatupiga nayo picha ya kifua, kuangalia kama vumbi imekula mapafu. Kumbe hata nyota zinaitoa. Mumoja wa wale waliotufungulia njia ya kuiona ni Bruno Rossi, aliyezaliwa Venice, Italia, mwaka 1905.

Mwaka 1933 alipanda Asmara, Eritrea, zaidi ya metre 2300 juu ya bahari, na mashini za kuhesabu miale inayotoka mbinguni. Akakuta ya upande wa magharibi inapita ile ya mashariki; njo akajua chembe zile zina umeme wa chanya.

Kule Padova alisimamia ujenzi wa nyumba mpya ya fizika ya inivasite. Ilifunguliwa 1937. Mwaka 1938 akafukuzwa, si juu ya kosa la kazi, ni juu alikuwa Muyahudi: sheria ya Mussolini. Unajenga nyumba, halafu wanakufungia mlango! Sisi wa sendika hapo tunamuelewa kabisa.

Akapita Denmark na Uingereza, akafika Marekani. Tangu 1943 alikuwa Los Alamos, pale walitengeneza bomu ya atomiki. Uranium mingi ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, hapa karibu yetu, ilichimbwa na wazee wetu. Tarehe 16/7/1945 Rossi alipima mulipuko wa kwanza. Tunamusifu, lakini hili pia tunaliandika. Jina lake liko katika vitabu. Ya wachimbaji hatuyaone.

Kisha vita alifundisha MIT. Hewa ya dunia inazuia miale ya X ya nyota, lazima kuifuata juu. Hesabu za wakati ule zilisema nyota ziko mbali sana, itakuwa kazi bure. Rossi akasukuma vijana, kama Riccardo Giacconi, wajaribu tu. Juni 1962 roketi yao ilikaa juu dakika chache, ikakuta chanzo kikali upande wa nyota za Nge. Tarehe 12/12/1970, toka baharini karibu na Malindi, Kenya, ikarushwa satelite ya kwanza ya kazi hiyo. Siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru. Njo wakaiita Uhuru.

Rossi alikufa 1993. Mwisho wa 1995 NASA ilirusha darubini ingine, ikapewa jina lake. Ilichungulia mashimo meusi mpaka 2012, na 2018 ikaanguka, ikaungua hewani.