Huruma ya Wilberforce na Mzigo wa Punda

Kila inapotajwa habari ya wanyama wanaoteswa, hapakosi mtu wa kuuliza: je, ni haki kumlilia punda ilhali binadamu analala njaa? Na liko swali jingine la ukoo uo huo: kwa nini sadaka ivuke bahari ilhali jirani ana dhiki? Badala ya kuyajibu kwa nadharia, nimeona leo nisimulie maisha ya mtu aliyesutwa kwa yote mawili. Naye ni William Wilberforce, Mwingereza.

Wilberforce alizaliwa mjini Hull mwaka 1759, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye mali. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, na urithi alioupata ukamfanya aende chuoni Cambridge bila haja ya kujitaabisha. Akacheza karata na kukesha na marafiki. Mwaka 1780, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia Bungeni baada ya kuwakirimu wapigakura kwa fedha nyingi, ada ambayo sisi huku hatuhitaji kuelezwa.

Kufikia mwaka 1785 dini ilimgeuza. Kabla ya kuoa mwaka 1797, alikuwa akitoa robo ya mapato yake, na pengine zaidi, kuwasaidia wahitaji. Mwaka 1796 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuboresha hali ya maskini wa Uingereza. Laiti angeishia hapo, angekumbukwa kama tajiri mkarimu tu, nao ni wengi.

Lakini alitambua kwamba kuna dhiki isiyoondoka kwa sadaka, kwa kuwa imejengwa na sheria na kulindwa na faida. Mwaka 1789 alisimama Bungeni kuishambulia biashara ya utumwa. Mwaka 1791 hoja yake ilishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Aliirudisha tena na tena, hadi mwaka 1807 ilipopita kwa kura 283 dhidi ya 16. Hakupigana peke yake. Thomas Clarkson alizunguka bandarini akikusanya ushahidi. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, aliandika maisha yake mwaka 1789. Na watumwa wenyewe wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, waliasi mwaka 1791.

Mtu huyu aliyeshughulishwa na mateso ya mamilioni alipata pia nafasi ya kumwonea huruma mnyama. Siku hizo ulikuwako mchezo wa kumfunga fahali na kumwachilia mbwa wamrarue huku watu wakishangilia. Wilberforce aliunga mkono juhudi za kuupiga marufuku, nazo zikashindwa mwaka 1800 na 1802. Wapinzani walisema kwamba fukara wananyang'anywa burudani yao huku matajiri wakiendelea kuwinda kwa raha zao. Hata hivyo, mwaka 1822 Richard Martin alifaulu kupitisha sheria ya kuwalinda mifugo, na mwaka 1824 Wilberforce alikuwa miongoni mwa waliokutana katika mkahawa mmoja wa London kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama.

Basi yule asemaye kwamba huruma kwa mnyama humpunguzia binadamu fungu lake, na ayatazame maisha haya. Moyo si debe la mahindi, kwamba ukimpimia huyu yule atakosa.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningemsifu na kunyamaza. Mwaka 1799 Wilberforce aliunga mkono sheria ya kuwakataza wafanyakazi wa Uingereza kuungana kudai ujira. Mwaka 1819, baada ya askari kuwaua watu waliokusanyika mjini Manchester kudai haki ya kura, aliunga mkono sheria za kubana mikutano. Mwandishi William Cobbett alimkemea vikali kwa kumlilia mtumwa wa mbali na kumpuuza mfanyakazi wa karibu. Naona Cobbett aliliona jeraha, ila dawa aliikosea, maana yeye mwenyewe aliwadharau watu weusi. Kosa la Wilberforce halikuwa kupenda mbali mno. Huruma yake ilisita pale ilipogusa maslahi ya tabaka lake.

Mwishoni mwa maisha mali yake karibu yote iliteketea katika biashara ya mwanawe iliyoanguka, akawa anaishi kwa zamu katika nyumba za wanawe wengine. Alifariki tarehe 29 Julai 1833, siku chache baada ya kupata habari kwamba mswada wa kukomesha utumwa katika makoloni ulikuwa na hakika ya kupita. Sheria hiyo iliwapa mabwana fidia ya pauni milioni 20. Watumwa hawakupewa hata senti.

Jambo hilo lilitufikia na sisi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1875 watumwa waliookolewa wakapewa makao Freretown, karibu na Mombasa. Lakini katika pwani yetu utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, miaka 100 kamili baada ya kura ile ya London. Hapa pia fidia ilikwenda kwa mabwana.

Tunayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Tunazo pia harambee, ambako wakubwa hutoa mamilioni huku vipaza sauti vikiwatangaza. Kijana anayemchapa punda wa mkokoteni wa maji hulipwa ujira usiomtosha chakula, naye asipofikisha mitungi kwa wakati hufukuzwa. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Ukimkamata kijana na kumwacha mwenye mkokoteni, hukumsaidia punda wala binadamu. Kwa hiyo, mtoaji anaposimama mbele yetu, mimi singemuuliza anatoa kiasi gani, wala kama anampa mtu au mnyama. Ningemuuliza wale wanaombebea mzigo wake anawalipa nini.