Ekaterine Dadiani, mama aliyerudi Mingrelia

Sisi tuliowahi kuishi ukimbizini tunajua kwamba ukirudi, kitu cha kwanza kuulizia ni nyumba. Je, bado ipo? Na nani yumo ndani? Mimi niliporudi niliikuta ya marehemu baba imebaki kuta tupu, na mwembe wa uani umekatwa. Ndiyo sababu leo nawaletea habari za Ekaterine Dadiani, mwanamke wa Georgia, nchi iliyo kati ya Urusi na Uturuki.

Ekaterine alizaliwa mwaka 1816 katika ukoo wa Chavchavadze. Baba yake, Alexander, alikuwa mshairi na jenerali wa jeshi la Urusi, mwenye jumba kubwa na mashamba ya mizabibu huko Tsinandali, mashariki mwa nchi. Dada yake, Nino, aliolewa mwaka 1828 na mwandishi Mrusi, Griboyedov. Hata mwaka haukuisha, bwana huyo akauawa mjini Tehran. Nino hakuolewa tena.

Ekaterine yeye aliolewa upande wa magharibi, na David Dadiani wa Mingrelia. Eneo hilo lilikuwa chini ya ulinzi wa Urusi tangu mwaka 1803, lakini akina Dadiani waliendelea kutawala mambo ya ndani. Makao yao yalikuwa Zugdidi, penye bustani iliyopandwa miti kutoka nchi za mbali.

Mwaka 1853 David alifariki. Mtoto wao Niko alikuwa na miaka sita tu, hivyo mama akashika utawala kwa niaba yake. Vita kati ya Urusi na Uturuki vikafika mlangoni. Mwaka 1855 Omar Pasha, jemadari wa Waturuki, alivuka mto Inguri na kuiteka Zugdidi. Alimtaka mama huyo ahamie upande wake. Ekaterine akakataa, akaendelea kupambana pamoja na watu wake. Bustani ikaharibiwa.

Hapa ndipo habari yake inaponipa shida. Vita vilikwisha mwaka 1856, lakini wakulima walikuwa bado mali ya mabwana, wamefungwa na ardhi, wanadaiwa mazao na kazi hata baada ya vita kuwamaliza. Mwaka 1857 mhunzi mmoja, Utu Mikava, aliwaongoza wakaasi na kuingia Zugdidi. Warusi wakaja kama wapatanishi, wakazima uasi, kisha wakachukua utawala wenyewe. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mhunzi alishindwa, na mama naye akaondolewa.

Ekaterine akapelekwa St Petersburg, baadaye akaishi Paris. Mwaka 1867 Niko aliacha haki zake zote za utawala, na Mingrelia ikawa sehemu tu ya Urusi. Mwaka uliofuata binti yake, Salome, aliolewa na Achille Murat, ambaye bibi yake alikuwa dada wa Napoleon. Ndiyo maana hata leo jumba la Zugdidi lina vitu vya Napoleon, pamoja na sura ya uso wake iliyochukuliwa alipokufa.

Mwishowe mama huyo alirudi kwao, bila cheo cha utawala. Katika miaka ya 1870 jumba jipya la mawe lilijengwa Zugdidi. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa kwenye monasteri ya Martvili. Tangu mwaka 1921 jumba hilo ni makumbusho.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, sikieni na hili. Baada ya vita vya Abkhazia vya mwaka 1992 na 1993, maelfu ya wakimbizi walifika Zugdidi. Tangu hapo, kuvuka daraja la mto ule ule wa Inguri kumetegemea ukaguzi wa karatasi, na mara nyingine njia hufungwa.

Mimi namheshimu Ekaterine kwa kukataa kuuza nchi yake. Lakini aliilinda nyumba kwa jasho la watu wasiokuwa na nyumba, na siku ya shida hao ndio walioibomoa lango. Nyumba ya baba nimeijenga tena, vyumba vitatu. Waliofyatua matofali niliwalipa wote kabla sijaezeka.