Aneesur Rahman, Mhindi aliyefuata mwendo wa atomi kwa kompyuta

Leo watafiti wa dawa wanaweza kuangalia ndani ya kompyuta namna protini ya virusi inavyojikunja, na mahali ambapo dawa inaweza kuishika. Protini za virusi vya Ebola na vya Covid-19 zimechunguzwa hivyo. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Aneesur Rahman, mwanafizikia aliyefariki mwaka wa 1987.

Rahman alizaliwa mwaka wa 1927 mjini Hyderabad, India. Alisoma Cambridge, Uingereza, kisha akapata udaktari mwaka wa 1953 katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, chuo kilekile kilichoanzisha Lovanium mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka uliofuata. Alirudi India kufundisha, na mwaka wa 1960 akaingia katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, Marekani.

Wakati huo vitu vya majimaji viliwasumbua sana wanafizikia. Katika kitu kigumu atomi hujipanga kwa mistari, na katika gesi hutawanyika. Katika majimaji zimebanana lakini hazitulii, na hesabu ya kalamu haikutosha. Berni Alder na Thomas Wainwright walikuwa wamekwisha kujaribu kwa kompyuta, lakini atomi zao ziligongana tu kama mipira migumu. Rahman alitaka zivutane na kusukumana kama atomi za kweli.

Mwaka wa 1964 alitoa kazi yake juu ya argoni ya majimaji, yenye atomi 864. Kompyuta ilipiga hesabu ya nguvu inayosukuma kila atomi, ikaisogeza kidogo sana, kisha ikaanza upya. Majibu yalikaribia yale yaliyopimwa katika maabara. Hapo ikaonekana kwamba kompyuta inaweza kuonyesha jambo ambalo hakuna darubini iliyoweza kulifuata.

Mwaka wa 1971 yeye na Frank Stillinger walifanya vivyo hivyo kwa maji, kwa molekuli 216. Mwaka wa 1977 kundi la Martin Karplus, wa Harvard, likafuata mwendo wa protini.

Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2013. Wao waliunganisha hesabu mbili: ya undani sana pale kemia inapotendeka, na nyepesi kwa sehemu kubwa inayobaki.

Rahman hakuyaona hayo. Mwaka wa 1985 alihamia Chuo Kikuu cha Minnesota, na miaka miwili baadaye akafariki. Lakini njia aliyoibuni pamoja na Michele Parrinello, ya kuacha umbo la kisanduku chenye atomi libadilike kwa mgandamizo, bado inatumika. Imo ndani ya GROMACS, programu inayopatikana bila malipo. Mwanafunzi anayeichagua, popote alipo, huandika jina la Rahman kabla kompyuta haijaanza kazi.